Mrusi Anawafukuza Huku Anawahitaji

Najua nimeadimika sana hapa, ila wenzangu mnaosoma ualimu mnajua muhula ukifika katikati hali inakuwaje: presentesheni juu ya presentesheni, madesa hayatoshi, na bumu lipo njiani tangu wiki iliyopita na njia yenyewe haiishi. Leo lakini sitaki kulia lia kuhusu bumu. Leo nataka kuandika kuhusu Watajiki.

Najua nusu yenu mmeshaanza kujiuliza Watajiki ndio kina nani. Subirini kidogo. Kwenye semina ya Jiografia tulipewa mada ya fedha ambazo wahamiaji wanatuma makwao. Karibu kila kundi likakimbilia Kenya au Ufilipino, kwa sababu takwimu zake unazipata haraka. Kundi letu likaangukia Asia ya Kati, nikatumwa mimi kwenda kusoma. Tulipomaliza kuwasilisha, jamaa mmoja wa nyuma akasimama, akauliza swali ambalo darasa zima lililipigia makofi: kama Urusi imekaza sheria kwa wageni na fedha bado zinaongezeka, sasa shida iko wapi? Muda ukaisha pale pale. Semina haina dakika za nyongeza kama mpira, kwa hiyo jibu langu naliweka hapa, na nitalifikia nikishaeleza kwanza mambo yenyewe.

Tajikistan ni nchi ya watu kama milioni 10, na zaidi ya asilimia 90 ya ardhi yake ni milima. Ilikuwa moja ya jamhuri za Umoja wa Kisovieti. Umoja ule ulipovunjika mwaka 1991, hawakupata hata nafasi ya kupumua, wakaingia kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1992 mpaka 1997. Viwanda vikafa, mashamba ya pamba yakawa hayalipi, na vijana wakafanya kile ambacho kijana yeyote angefanya: wakapanda treni kwenda Urusi, ambako lugha waliijua kiasi na viza haikuhitajika. Wenzao wa Uzbekistan na Kyrgyzstan nao wakafuata njia hiyo hiyo. Leo ukienda Moscow, anayejenga ghorofa, anayefagia theluji asubuhi, anayeleta chakula kwa baiskeli, anayeendesha teksi, kuna uwezekano mkubwa ametoka huko. Kwa Tajikistan peke yake inasemwa zaidi ya watu milioni moja wanafanya kazi Urusi. Hebu pigeni hesabu wenyewe, milioni moja katika milioni 10, na hapo kwenye hiyo milioni 10 mmehesabu watoto na bibi.

Kitu kilichonigusa kabla hata ya takwimu ni neno. Kitajiki, ambacho ni ndugu wa Kiajemi, kinamwita mtu wa namna hii muhojir. Lisomeni kwa sauti. Ni muhajiri wetu huyu huyu! Neno moja la Kiarabu, moja likaja pwani kwetu, jingine likapanda milima ya Pamir.

Sasa fedha. Benki ya Dunia imeiweka Tajikistan mara nyingi nafasi ya kwanza au karibu na hapo duniani, ukilinganisha fedha zinazotumwa na wahamiaji na pato la taifa. Kuna miaka zilifika karibu nusu ya pato lote. Nusu! Yaani nchi ina wizara, ina mabenki, ina kiwanda cha aluminiamu, halafu ukiviweka vyote upande mmoja wa mizani, upande wa pili unawakuta wafagiaji na mafundi ujenzi wa Moscow wanakaribia kulingana navyo. Kyrgyzstan nayo imekuwa miongoni mwa nchi zinazotegemea sana fedha hizi. Uzbekistan ina uchumi mkubwa zaidi, lakini kwa jumla ya dola ndiyo inayopokea nyingi kuliko wote pale.

Fedha hizi hazijengi viwanda. Zinanunua unga na mafuta ya kupikia, zinaezeka nyumba, zinalipa hospitali, zinalipa madaftari ya shule, na zinalipa harusi. Kwenye harusi hawa jamaa ni sisi kabisa. Sherehe zilikuwa kubwa mpaka serikali ya Tajikistan ikatunga sheria mwaka 2007 ya kupunguza gharama na idadi ya wageni. Nilipolisoma hilo nikawaza kamati zetu za harusi na kadi za mchango, nikasema sheria hiyo ikija huku kuna watu watakosa kazi.

Lakini msidhani ni hadithi tamu tu. Mume anaondoka mwezi wa tatu baridi ikipungua, anarudi mwezi wa kumi na moja, na mwaka mwingine harudi kabisa, ana mke mwingine huko. Talaka za kutumwa kwa ujumbe wa simu zilizidi mpaka mwaka 2011 mamlaka za dini za nchi zikatangaza kwamba hazitambuliki. Mwanamke anabaki na mama mkwe, watoto, na simu. Kwa hiyo mtu akiniambia kuhama ni ushujaa, nitamwambia ndiyo, ila kuna mtu mwingine nyumbani analipa sehemu ya bei.

Nije kwenye sheria. Tarehe 22 Machi 2024 watu wenye silaha waliingia ukumbi wa Crocus City Hall, nje kidogo ya Moscow, wakaua zaidi ya watu 140 waliokuwa wamekwenda kwenye muziki. Kundi la Dola la Kiislamu likadai kuhusika. Wanne walioshtakiwa kuwa ndio waliofyatua risasi walikuwa raia wa Tajikistan. Sitaki mtu asome makala hii akadhani nalipunguza jambo hilo. Ni unyama, na hao waliokufa nao walikuwa na watu wanaowasubiri nyumbani.

Ila kilichofuata hakikuwaangukia wale wanne. Kiliwaangukia wote wenye sura ile na pasipoti ile. Mwezi uliofuata tu, karibu raia 1,000 wa Tajikistan walizuiwa kwenye uwanja wa ndege wa Vnukovo kwa siku kadhaa, mpaka wizara yao ya mambo ya nje ikawashauri wananchi wasisafiri kwenda Urusi kama hakuna ulazima. Fikiria, serikali ambayo karibu nusu ya uchumi wake inatoka huko inawaambia watu wake wasiende! Misako ikaanza kwenye mabweni, masoko, sehemu za ujenzi, hata misikitini. Kwa takwimu za maafisa wa Urusi wenyewe wanaotekeleza amri za mahakama, mwaka 2024 waliondolewa nchini wageni zaidi ya 80,000, karibu mara mbili ya mwaka 2023.

Halafu zikaja sheria, moja nyuma ya nyingine. Kuanzia 1 Desemba 2024, kwenye viwanja vya ndege vya Moscow wageni wakaanza kuchukuliwa alama za vidole na picha ya uso. Kuanzia 1 Januari 2025, mgeni anayeingia bila viza akawa na siku 90 tu za kukaa katika mwaka mzima wa kalenda, wakati zamani ilikuwa siku 90 katika kila siku 180, na watu walikuwa wanatoka mpakani wanarudi. Ukitaka kukaa zaidi uwe na kibali. Kuanzia 5 Februari 2025 likaanza daftari la watu wanaodhibitiwa. Hili daftari ndilo lililoninyima usingizi, kwa hiyo mnivumilie nilieleze.

Mtu ambaye karatasi zake zimepungua kitu, anaingizwa kwenye daftari. Akishaingia, haruhusiwi kuendesha gari. Haruhusiwi kufunga ndoa inayosajiliwa. Haruhusiwi kununua nyumba wala kusajili gari. Hawezi kuhama anapoishi wala kutoka mkoa aliopo bila ruhusa. Kwenye benki hawezi kutoa zaidi ya rubli 30,000 kwa mwezi. Na polisi wanaweza kuamua afukuzwe bila kupita mahakamani. Daftari lilipoanza, lilikuwa tayari na majina zaidi ya 600,000, na wapo waliojikuta humo kwa makosa ya kompyuta, karatasi zao zikiwa safi. Sasa niambieni, mtu ambaye akaunti yake imebanwa, anatumaje fedha nyumbani? Anampa rafiki, rafiki anampa dereva, dereva anampa binamu. Serikali inayosema inataka kumwona kila mgeni inamsukuma kwenye giza ambako haonekani.

Na kuingia kwenye daftari ni rahisi mno. Twende na hesabu. Mtajiki au Muuzbeki anayetaka kazi halali Urusi anatakiwa awe na kibali kinachoitwa patenti. Utaratibu huu ulianza 2015. Ndani ya siku 30 tangu aingie awe amepima afya, amelipa bima, amefanya mtihani wa Kirusi, historia ya Urusi na sheria zake, amewasilisha karatasi. Kila kimoja kina ada yake, na hapo bado hajashika sepeto. Akishakipata, kila mwezi analipa kodi yake mapema. Moscow mwaka 2024 ilikuwa rubli 7,500 kwa mwezi, mwaka 2025 ikapanda hadi 8,900. Zidisha mara 12 unapata rubli 106,800, zaidi ya dola 1,000 kwa mwaka, kabla ya chakula, kabla ya kitanda, kabla ya mama nyumbani. Na akichelewa kulipa, kibali kinakufa chenyewe. Bosi akichelewesha mshahara, kibali kimekufa. Ukiugua ukalala, kibali kimekufa. Sisi bumu likichelewa tunakopa kwa mangi, tunakula chipsi kavu, maisha yanaenda. Huyu bumu lake likichelewa anakuwa mhalifu.

Mkirgizi ana nafuu, kwa sababu nchi yake iliingia Umoja wa Uchumi wa Ulaya na Asia mwaka 2015, hivyo yeye hahitaji patenti. Ndio maana kwenye presentesheni yetu tulikataa kuwaweka wote kapu moja. Ila kwenye msako polisi haulizi kwanza nchi yako imesaini mkataba gani.

Na kuna kitu ambacho kwa kweli kilinichekesha kwa uchungu. Meya wa Moscow, Sergei Sobyanin, amewahi kueleza kwamba jiji linapata mapato makubwa kutoka kwenye patenti kuliko yanayolipwa na makampuni ya mafuta. Mafuta! Urusi! Halafu mtu anasimama jukwaani anasema wageni ni mzigo.

Haya, sasa lile swali la jamaa wa nyuma. Ni kweli fedha zimeongezeka. Benki Kuu ya Uzbekistan inaonyesha dola bilioni 11.4 mwaka 2023 na dola bilioni 14.8 mwaka 2024, mwaka ule ule wa misako. Sikatai namba. Nakataa anachokisoma ndani ya namba.

Fedha ziliongezeka kwa sababu Urusi inahangaika kupata watu wa kufanya kazi. Wanaume wengi wamekwenda vitani Ukraine tangu 2022, wengine walikimbia nchi, na idadi ya vijana ilikuwa tayari imepungua. Mwishoni mwa 2024 ukosefu wa ajira Urusi ulikuwa asilimia 2.3, yaani aliyekosa kazi kule alikuwa ametaka mwenyewe. Hali ikiwa hivyo, mshahara unapanda, hata wa mbeba matofali. Kwa hiyo waliobaki walilipwa zaidi, wakatuma zaidi. Pia si fedha zote zinatoka Urusi tena: kwa Uzbekistan, sehemu ya Urusi imekuwa ikipungua, watu wanakwenda Kazakhstan, Uturuki, Korea Kusini, Ulaya. Wakirgizi wengi siku hizi wanachuma matunda kwenye mashamba ya Uingereza kwa viza za msimu.

Kwa hiyo namba ilipanda pamoja na sheria kukazwa, wala si kwa sababu yake. Na jumla haina sura ya mtu. Kama kijiji kina nyumba kumi, nyumba sita zikapata zaidi na nne zikakatiwa kabisa, jumla inaweza kupanda na bado kuna nyumba nne zinalala njaa. Huyo aliyefukuzwa mara nyingi alikopa nauli na ada za kwenda. Anarudi na deni na marufuku ya kuingia Urusi kwa miaka kadhaa. Wewe ungekuwa mke wake, ungeisoma taarifa ya Benki Kuu ukafarijika?

Halafu kuna jambo la kamba moja. Watu hawa wameshaonja mara nyingi inavyokuwa ikikatika. Mwaka 2009, msukosuko wa fedha wa dunia ulipofika Urusi, fedha za kwenda Tajikistan zilipungua karibu theluthi. Mwaka 2014 na 2015 bei ya mafuta ikaanguka, vikwazo vikaja, rubli ikaporomoka, zikashuka tena vibaya. Mwaka 2020 mipaka ikafungwa kwa korona, watu wakalala kwenye viwanja vya ndege na stesheni. Mara zote hizo chanzo kikubwa hakikuwa kufukuzwa. Sasa vita vya Ukraine vikiisha, uchumi wa kivita ukapoa, ile shida ya watu ikapungua, sheria hizi zote zitakuwa bado zipo kwenye vitabu. Hapo ndipo nitataka kusikia makofi ya darasa.

Nataka kusema kuhusu watoto, manake hapa naongea kama mwalimu mtarajiwa na sitatafuta maneno laini. Desemba 2024 Urusi ilipitisha sheria, ikaanza kutumika 1 Aprili 2025, kwamba mtoto wa mgeni haandikishwi shule mpaka athibitishe yupo kihalali na afaulu mtihani wa Kirusi. Akifeli anangoja miezi mitatu ndipo ajaribu tena. Wengi wa walioomba mwanzoni hawakufika hata kwenye mtihani wenyewe, karatasi zao zilirudishwa mlangoni.

Yaani mtoto hajui lugha, kwa hiyo haruhusiwi kwenda mahali ambapo angeifundishwa. Wenzangu mliotoka TP hivi karibuni, hebu tuambiane ukweli. Ni wangapi mlikuta Form One wanaelewa Kiingereza cha kitabu cha Biolojia? Mimi nilikokuwa nilifundisha kipindi kizima kuhusu mvua na mmomonyoko, nikauliza swali, darasa kimya, nikarudia kwa Kiswahili, mikono ishirini juu. Tungekuwa na sheria ya Urusi, shule zetu za sekondari zingebaki na walimu na kengele tu. Na huko Usukumani au Umasaini, mtoto wa darasa la kwanza anaingia na lugha ya mama yake tu, mwalimu anaanza naye hapo hapo. Ndiyo kazi yenyewe. Watetezi wa sheria wanasema darasa lenye watoto wengi wasiojua lugha linawarudisha nyuma wengine. Hilo ni tatizo la kweli, sitalidharau, mwalimu mwenye watoto 35 anaelemewa. Lakini dawa yake ni mwalimu wa ziada na darasa la maandalizi ndani ya shule. Mtoto ukimfungia nje, ataifunza Kirusi wapi? Kwenye korido ya bweni? Sokoni? Baba yake anayekatwa kodi ya patenti kila mwezi analipia shule ambayo mwanae haingii.

Upande wa vita nitapita haraka kwa sababu unaniumiza. Wapo waliofanikiwa kupata uraia wa Urusi wakadhani sasa wamepona. Misako ikaanza kuwatafuta na hao, kuwakumbusha kujiandikisha jeshini. Mei 2025 Alexander Bastrykin, mkuu wa Kamati ya Uchunguzi ya Urusi, alitamba kwamba raia wapya wa namna hii 20,000 walikuwa tayari mstari wa mbele. Pasipoti uliyoitafuta miaka kumi ili utume fedha bila woga inakupeleka kwenye handaki.

Msinielewe kwamba lawama zote nazitupa Moscow. Rais Emomali Rahmon anaongoza Tajikistan tangu 1992. Zaidi ya miaka 30! Ni muda wa kutosha kujenga kazi hata kama nchi ni mawe matupu. Serikali ambayo vijana wake wenye hasira wako mbali na wanatuma fedha haina haraka sana ya kubadilika, na hilo halihitaji shahada kulielewa. Namsifu kwa moja: Oktoba 2022, kwenye mkutano wa Astana, alimwambia Putin ana kwa ana, kamera zikiwaka, kwamba nchi kama yake zinataka kuheshimiwa. Maneno mazuri. Ila ukiwa unamtegemea mtu kwa nusu ya chakula chako, heshima unaiomba kwa sauti ya chini. Uzbekistan naona wamechangamka kidogo, wanafungua vituo vya kufundisha ufundi na lugha, wanasaini mikataba na nchi nyingine ili mtu aende akiwa na kazi mkononi. Ni kidogo, lakini ni mwelekeo.

Mtaniuliza, na sisi inatuhusu nini? Inatuhusu. Wakenya waliotuma fedha kwao mwaka 2024 walituma karibu dola bilioni 4.9, zaidi ya nusu ikitoka Marekani, na kuanzia 1 Januari 2026 Marekani ikaweka kodi ya asilimia 1 kwa wanaotuma kwa kulipa fedha taslimu. Dada zetu walioko Ghuba wanajua habari ya pasipoti kukaa kwa mwajiri. Na ile njaa ya Urusi ya watu haikuishia Asia ya Kati: mpango wa Alabuga huko Tatarstan umekuwa ukitafuta wasichana wa Kiafrika, wakiwemo wa Afrika Mashariki, na waliofika wakajikuta kwenye kiwanda cha droni. Serikali ya Kenya ilisema mwishoni mwa 2025 kwamba zaidi ya raia wake 200 huenda wamejiunga na jeshi la Urusi, wengi kupitia mawakala. Kwa hiyo mkiona tangazo la kazi Urusi lenye mshahara mnono na tiketi ya bure, muwaze kwanza yule Mtajiki ambaye anaijua lugha na bado anafukuzwa.

Na tusijifanye malaika. Julai 2025 nchi yetu ilitoa amri ya kuzuia wageni kufanya biashara ndogo ndogo 15, kuanzia uwakala wa fedha za simu mpaka kutengeneza simu na saluni. Kwenye korido za hosteli wengi mlishangilia. Sababu mlizotoa, kwamba wanachukua kazi zetu, nimezikuta neno kwa neno kwenye mikoa ya Urusi iliyopiga marufuku wageni kuendesha teksi na kupeleka vifurushi. Sisemi ni kitu kimoja, hakuna aliyefungiwa akaunti wala mtoto aliyekataliwa shule kwa amri ile. Nasema tu sauti zinafanana, nami nilizisikia.

Kwa hiyo jamaa wa nyuma, kama unasoma, jibu langu ni hili. Nchi ina haki ya kujua nani ameingia na kumshtaki aliyeua. Ila kibali kisife kwa kuchelewa siku moja, mpe mtu siku hata kumi na nne na faini. Anayefukuzwa apite mbele ya hakimu. Aliyeingizwa kwenye daftari kimakosa apate dirisha la kwenda kulalamika na jibu ndani ya wiki. Na mtoto aingie darasani kesho yake, mambo ya karatasi za baba yake yafuate baadaye. Hakuna hata kimoja hapo kinachomzuia polisi kumtafuta gaidi.

Kama hukubaliani, nipo kantini baada ya saa kumi. Chai juu yako, manake bumu mnajua lilipo.